Bumu Linatolewa Fungu la Kumi?

Ibada ilikuwa imekwisha. Vijana wa vyombo wanakunja nyaya za spika, wengine wanarudisha viti darasani, nami nipo meza ya nyuma na katibu tunahesabu sadaka. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza akaja akasimama mbele yetu. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, zile ndogo tunazogawa mlangoni. Kwenye mstari wa kiasi alikuwa ameandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena, akafuta tena, mpaka karatasi ikaanza kuchubuka.

"Bwana asifiwe, dada."

"Amina, mdogo wangu."

"Naomba kuuliza. Hivi bumu linatolewa fungu la kumi?"

Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilikuwa limeingia katikati ya juma. Mhubiri wetu wa siku hiyo, mgeni kutoka mjini, alikuwa amefundisha Malaki sura ya 3, ile ya kuleta zaka kamili, yaani fungu la kumi, ghalani, na alifundisha kwa moto. Alisema ghala la Bwana lisisahauliwe siku ambayo simu ya kila mtu imeita ujumbe wa benki. Watu waliitikia amina za nguvu. Bahasha zilikuwa nyingi kuliko Jumapili yoyote ya muhula.

Nimekulia kanisani. Nimefundishwa fungu la kumi la mshahara, la biashara, la mavuno, la zawadi hata. Fungu la kumi la mkopo sijawahi kufundishwa.

Nikamwambia akae na bahasha yake mpaka nitakapompa jibu. Akaitia kwenye Biblia, akashukuru, akaondoka. Katibu alinitazama kwa mshangao, maana mhazini hawezi kurudisha sadaka mlangoni.

Jibu halikuja upesi. Swali lilinifuata darasani, likanifuata kwenye foleni ya chakula, likanifuata hadi kwenye maombi ya alfajiri.

Siku sita

Nilianza na hesabu, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa tawini, yaani kwenye tawi letu la wanafunzi Wakristo chuoni.

Sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni ya mwaka 2004, Bodi ikaanza kazi 2005. Wengi wetu tulioko vyuoni leo tumezaliwa miaka hiyohiyo, hatujui chuo kisicho na bumu. Fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, ikapandishwa kuwa 10,000 mwaka wa masomo 2022/23. Bumu la siku 60 ni shilingi 600,000. Fungu la kumi lake ni 60,000.

Yaani siku sita.

Siku sita za kula na kulala, na kalenda haipunguzi siku kwa sababu umetoa sadaka. Kila mwanafunzi wa Dodoma anajua zinakofidiwa. Unaacha chai ya asubuhi. Mchana unakula kwa mama lishe wali maharage, usiku unakunywa maji unalala mapema. Au unaanza kukopa kwa wenzako kabla bumu jingine halijaonekana hata kwa tetesi.

Halafu bumu lenyewe lina mwenyewe. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na tuliokuwa na kaka na dada waliomaliza vyuo tulisikia nyumbani jinsi walivyoshukuru. Lakini deni lenyewe lipo. Sasa fikiria: leo nimetoa fungu la kumi kwenye bumu. Kesho nimeajiriwa, natoa fungu la kumi la mshahara wote, ikiwemo ile sehemu inayokwenda kulipa bumu nililokwisha kulitolea. Fedha ileile inatolewa zaka mara mbili, na mara ya kwanza haikuwa yangu.

Hapo nikaona nimepata jibu. Nikafurahi siku nzima.

Jioni nikamkumbuka mjane wa Sarepta. Alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, anakwenda kuokota kuni apike, yeye na mwanawe wale, kisha wafe. Eliya akamwambia amtengenezee yeye kwanza. Angekuwa na kikokotoo changu, mama yule angekataa, na angekuwa na haki kabisa.

Furaha ikaisha.

Gunia la kukopa

Nikampigia mama.

Sisi ni wa wilaya ya Chamwino. Kwetu mvua ni msimu mmoja kwa mwaka, inaanza Desemba, Aprili inakata, na katikati inaweza kupotea wiki tatu mahindi yakakauka yote, ukabaki na uwele tu. Injili ilifika Mpwapwa mwaka 1876, Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa 1927, kwa hiyo kupeleka mazao kanisani kwetu ni jambo la toka kwa bibi wa bibi. Sikukuu ya mavuno utaona uwele, mtama, karanga, mbuzi anayelia wakati wa sala, na baada ya ibada mnada. Kuku mmoja ananunuliwa, mnunuzi anamrudisha kwa Bwana, ananadiwa tena. Mtoto wa Ugogo haelezwi maana ya kutoa. Ameiona tangu akiwa mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikamweleza habari ya yule binti na bahasha. Nikamuuliza: ile Februari ambayo ghala linakuwa tupu, tunakopa gunia kwa watu ili tufike mavunoni, gunia hilo huwa tunalitolea zaka?

"La kukopa? Hapana," akasema, kama vile nimemuuliza kitu cha ajabu. "Hilo ni la watu. Tunalila, tukivuna tunalirudisha, kinachobaki ndicho tunachokipimia."

Nikadhani amemaliza.

"Lakini hata mwaka ule tuliokopa mara mbili," akaendelea, "Jumapili sikwenda mikono mitupu. Nilipeleka yai."

Sikujua. Mwaka ule nilikuwa darasa la sita, nakumbuka mlenda usio na ugali wa kutosha. Habari ya yai sikuwahi kuisikia mpaka siku hiyo kwenye simu. Yai lile mmoja wetu angeweza kulila. Mama hakuliita zaka, wala hakuna aliyemwambia alete. Alinihadithia kwa sauti ileile anayosemea bei ya mafuta ya taa.

Hoja ya katibu

Katibu wetu ni kijana ninayemheshimu. Hakosi maombi, hachezei masomo, na fungu lake la kumi la bumu hulitoa kamili kila mara. Nilipomweleza ninakoelekea alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada," akasema, "bumu likiingia tunanunua simu. Tunanunua viatu. Dada zetu wanakwenda saluni, kaka zetu wanalipia kifurushi cha mwezi. Hakuna anayesema hapo kwamba hii fedha ni ya mkopo. Mbona inakuwa ya mkopo zamu ya Mungu ikifika?"

Nikakosa la kumjibu.

Akaongeza kwamba asiyejifunza kutoa kwenye laki sita hatajifunza kwenye mshahara wa milioni. Hilo nalo ni kweli kwa watu wengi niliowaona. Wapo waliotuahidi kwamba wakipata kazi watalikumbuka tawi, na leo hata ujumbe hawajibu.

Nilikaa na hoja hii kwa muda mrefu kuliko zote. Ninaiandika hapa kwa uzito wake kwa sababu bado naiona ni hoja nzuri, na kwa sababu aliyeisema si mpenda fedha. Anajinyima. Nimemwona akishinda kimbweta, yale mabenchi ya nje tunakosomea, mchana kutwa kwa karanga za mia tano.

Kinachonisumbua ni kwamba hoja yake inamhusu mwenye kununua simu. Yule binti wa bahasha hakununua simu. Siku chache baadaye nilijua kwa rafiki yake kwamba nusu ya bumu ilikwenda nyumbani Manyoni siku ileile, kwa mama mwenye wadogo zake watatu. Penseli ilikuwa ikifuta na kuandika kwa sababu alikuwa akigawa kilichobaki.

Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliomwambia baba na mama: kile ambacho ningekusaidia nacho nimekiweka wakfu, ni korbani. Nimeisoma sura hiyo tangu Shule ya Jumapili, na siku zote niliwaona Mafarisayo peke yao. Safari hii nilimwona mhazini na meza yake.

Aya ya tano

Usiku mmoja umeme ulikatika hosteli nzima, nikasoma Malaki kwa tochi ya simu. Kitabu ni kifupi, sura nne. Nilitaka kuipata ile aya ya 10 ya sura ya 3 pamoja na zilizoizunguka, maana tawini tumezoea kuanzia aya ya 8 na kuishia ya 12.

Kwenye aya ya 5 nikasimama.

Pale Bwana anasema atakuja kuwa shahidi mwepesi juu ya watu fulani. Kati yao wamo wanaomwonea mtu wa mshahara, na mjane, na yatima, na wanaomgeuza mgeni asipate haki yake. Ni aya tano tu kabla ya ghala. Mdomo uleule unaodai zaka kamili umetoka kumtetea mjane na yatima sasa hivi.

Nikarudi Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Hapo nilikaa hadi betri ikafika nyekundu. Zaka inayoelezwa pale ni ya kilichotoka shambani mwaka hadi mwaka: nafaka, divai, mafuta. Mtoaji mwenyewe anaila mbele za Bwana pamoja na nyumba yake, na wanafurahi. Kama njia ni ndefu anaibadilisha kuwa fedha, akifika ananunua chochote ambacho roho yake inatamani. Mlawi, mtu wa kabila la wahudumu wa ibada, asisahauliwe, maana hana shamba. Na kila mwisho wa mwaka wa tatu zaka haiendi mbali. Inawekwa malangoni, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe.

Washibe. Imeandikwa hivyo.

Nisije nikaonekana nimechagua aya zinazonifaa, Nehemia naye yupo. Katika sura ya 13 anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mtu shambani kwake kwa sababu sehemu zao hazikutolewa, na nyumba ya Mungu imeachwa. Anawagombeza wakuu, zaka zinarudi. Kwa hiyo ghala tupu ni jambo zito, na mhubiri wetu hakukosea kulilia ghala. Ila Nehemia huyohuyo, katika sura ya 5, anasikia kilio cha watu walioweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine waliokopa fedha walipe kodi ya mfalme. Hakuwapelekea bahasha. Aliwakusanya waliokuwa wakiwadai, akawaambia warudishe.

Nehemia aliijua tofauti ya mwenye mavuno na mwenye deni. Tangu usiku ule sijaweza kuisahau.

Kwa mchungaji

Mchungaji mlezi wetu ni mzee wa makamo anayehudumu mtaa wa pembezoni mwa mji. Nilimkuta nje ya nyumba, anamwagilia mizabibu yake michache kwa maji ya ndoo. Upepo wa Agosti ulikuwa unapeperusha vumbi mpaka huwezi kufumbua macho vizuri. Akanipa kigoda.

Nikamweleza yote. Akasikiliza huku anakata majani makavu.

"Binti yangu," akasema, "mimi naishi kwa sadaka. Ada ya mwanangu inatoka humo. Nikikwambia wanafunzi watoe, utajuaje kama nimekupa Neno au nimekupa shida zangu?"

Sikutegemea aseme hivyo. Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu mzima wa kunibebea jibu, nikamkuta amekataa mzigo kwa unyoofu.

Tukakaa kimya. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukiuliza mimi: "Mkishahesabu, huwa inakwenda wapi?"

Daftari

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo chini ya godoro. Daftari la hazina la tawi letu linarudi nyuma miaka kadhaa, kwa hati za wahazini mbalimbali walionitangulia. Niliporudi nikalifungua ukurasa kwa ukurasa.

Kukodi spika. Sare za kwaya. Nauli ya mhubiri mgeni. Chai ya mhubiri mgeni. Kitambaa cha madhabahu. Mafuta ya jenereta usiku wa mkesha. Kusafirisha kwaya kwenda mkutano wa mkoa. Matumizi halali yote, yana risiti, na hakuna aliyekula senti. Wahazini walionitangulia walikuwa waaminifu sana, nami najivunia kupokea daftari kutoka mikononi mwao.

Nikatafuta mstari wa chakula cha mwanafunzi mwenye njaa. Sikuuona.

Na wenye njaa tunao. Kila mwaka wapo wanaofika chuoni na majina yao hayamo kwenye orodha ya mikopo, wanakata rufaa, wanangoja. Wapo ambao rufaa haikujibu. Wanakuja kwenye maombi wakiomba tuwaombee, na tunawaombea kweli, wakati mwingine kwa machozi. Wakimaliza wanarudi hosteli kulala bila kula. Yakobo katika sura ya 2 anamtaja mtu anayemwambia ndugu asiye na riziki ya siku aende na amani, akaote moto, akashibe, asimpe kitu. Anauliza yafaa nini.

Chumbani kwetu tuko wanne, mmoja ni Muislamu. Mwezi wa Ramadhani anafuturu na sisi sote. Anatuwekea uji wa pilipili manga na tambi za sukari, na ukichelewa kurudi maktaba unakuta bakuli lako limefunikwa. Hana bumu kubwa kunizidi. Sijawahi kumsikia akihubiri juu ya kutoa.

Baada ya kufunga daftari nililia. Nalisema hivyo lilivyokuwa.

Kikao cha kimbweta

Kamati ilikutana jioni kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba. Nilileta pendekezo moja: sadaka yote ya Jumapili inayofuata bumu, yenye jina la fungu la kumi na isiyo na jina, iwe ya chakula cha wanafunzi walioishiwa. Spika zisubiri Jumapili nyingine.

Mjadala ulikuwa mkali, na ulikuwa mzuri. Mratibu wa maombi aliogopa watu wataacha kutoa wakisikia inaliwa na wenzao. Nikamsomea Kumbukumbu 14, akasema naomba nisome mwenyewe, akasoma mara mbili. Mwenyekiti aliuliza tutajuaje nani ana njaa kweli. Mtu mmoja akapendekeza fomu. Hapo kimbweta kizima kikaguna. Kila aliyewahi kujaza fomu za mkopo, akaambatanisha cheti cha kifo cha mzazi na mhuri wa mtendaji, anajua ladha ya kuthibitisha umaskini wako mbele ya wageni. Tukakataa fomu.

Matendo ya Mitume sura ya 6 ilitusaidia. Wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume wakataka wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, waliojaa Roho na hekima. Kugawa chakula kulihitaji watu waliojazwa Roho Mtakatifu. Sijui kwa nini siku zote tulidhani Roho anahitajika kwa mwimbishaji tu.

Tulichoafikiana ni hiki. Tunalipa mbele kwa mama lishe mmoja jirani na lango, mama anayetufahamu. Yeye ana daftari lake la wateja wa mkopo, kama mama lishe wote. Mwenye shida anamwambia mtu mmoja tu kati ya wawili tuliowachagua, dada na kaka, na huyo anampelekea mama jina la kwanza. Akifika anakula kama mteja yeyote, anaandikiwa kwenye daftari lilelile, sahani ileile, mbele ya watu walewale. Hakuna tangazo na hakuna ushuhuda wa lazima. Mimi mhazini naona idadi ya sahani, sioni majina. Nililiomba hilo mwenyewe.

Je, ni kwa wanatawi tu? Hapo tulikwama hadi giza likaingia. Nikawaeleza habari ya bakuli lililofunikwa. Mwenyekiti akasema andika: mwanafunzi yeyote.

Katibu alishikilia jambo moja tu, na alilishikilia mpaka mwisho: kwamba tawi lisifundishe watu kuwa bumu halina fungu la kumi. Akasema yeye ataendelea kulitoa kamili, na asitokee mtu wa kumwona mjinga. Tukakubaliana kwamba tawi halitafundisha upande wowote. Aliyeridhika na kumi atoe kumi.

Nilichomjibu

Yule binti nilimkuta kwenye ngazi za hosteli anafua. Nilikaa ngazi ya chini yake.

Nilimwambia hivi: mdogo wangu, mimi nimesoma, nimeuliza, na ninavyoelewa hudaiwi. Bumu ni fedha ya watu, utairudisha. Siku ukiwa na kitu chako, mshahara au mazao au faida ya kuuza karanga, hapo tutaongea habari ya kumi. Ulichotuma Manyoni sikioni kama umemnyang'anya Mungu. Ukitaka kutoa, toa ulichokikusudia moyoni, kisichokufanya ulale njaa na kisichokutia hofu. Paulo anawaambia Wakorintho katika barua ya pili sura ya 8 kwamba nia ikiwepo, mtu anakubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo.

Akanyamaza, anasugua kola ya shati.

"Kwa hiyo dada, nisipotoa yote sitafeli?"

Swali hilo liliniuma kuliko lile la kwanza. Kumbe penseli ile haikuwa ikigawa fedha tu. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amemfundisha kwamba asipotoa atakamatwa masomo, na akitoa atafaulu. Kuna mafundisho hayo vyuoni, tusifichane. Panda mbegu ya bumu uvune GPA. Msichana wa miaka kumi na tisa anaingia chumba cha mtihani na hofu ya Mungu anayemdai.

Nikamwambia Mungu hauzi majibu ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Nikamwambia atafaulu kwa kusoma na kwa neema, na akifeli bado atakuwa mtoto wake. Nilimwambia hivyo mara kadhaa kwa maneno tofauti, kwa sababu nilimwona usoni kwamba mara ya kwanza halikuingia. Hofu iliyopandwa kwa jina la Yesu ni ngumu kung'oka, na mimi nahesabu kwamba kuing'oa ni kazi ya mhazini kama ilivyo ya mchungaji.

Nadhani hapo ndipo swali lilipokuwa tangu mwanzo. Asilimia nilikuwa nimezishughulikia kwa majuma, na kumbe alichotaka kujua ni kama Mungu wake ni baba au ni mdai.

Tulipo sasa

Jumapili ya kwanza baada ya bumu lililofuata, bahasha zilikuwa chache kidogo kuliko za safari iliyopita. Mwenyekiti alitangaza kwa sentensi mbili fedha inakokwenda. Kiasi kilichomo kilikuwa karibu sawa na cha awali, na noti nyingi zilikuwa ndogondogo, za elfu moja na elfu mbili. Sijui nizitafsirije, na sitazitafsiri.

Katibu alitoa kumi lake kamili. Ndiye pia kaka tuliyemchagua kupeleka majina kwa mama lishe, na anaifanya kazi hiyo kwa siri ambayo mimi nisingeiweza. Tukikaa kimbweta bado tunabishana. Juzi amenipelekea aya za Hesabu sura ya 18, Walawi wanaopokea zaka nao wakitoa zaka ya zaka, anasema mwenye kupokea naye anatoa, kwa hiyo hata fedha uliyopewa. Nimemjibu kwamba Mlawi hakuambiwa airudishe na makato ya asilimia 15. Amesema atarudi na nyingine.

Mama lishe anasema sahani zinaongezeka wiki za mwisho kabla ya mitihani, bumu likiwa limekwisha na watu wanakesha wakisoma. Kwa hesabu yangu fedha tuliyonayo itakatika kabla ya mtihani wa mwisho. Kikao kijacho naomba tuzungumzie kuahirisha sare za kwaya. Mwalimu wa kwaya nimeshamdokeza. Hajakubali, ameomba kwanza awaulize waimbaji.